Mgeni Niliyemkaribisha Dresden

Nianze kwa kusema sikuota, sikulewa, wala kichwa changu hakina kasoro. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka, na niliyemkaribisha nilimkaribisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa La Rochelle, chumba cha uani. Mume wangu ni wa hapa Afrika Kusini. Enzi za ukimbizi alikaa kwetu Morogoro, na kabla hajanioa alipelekwa Ujerumani miaka miwili kusomea uchapaji. Siku moja chuo chake kikawaalika wanafunzi wa zamani kwa wiki nzima, pamoja na wake zao, tiketi juu yao. Akaja meno yote nje.

"Mama Lindi, tunakwenda Dresden. Utaona majumba, utaona picha, utakula, utaonja divai. Utamaduni, mke wangu."

"Mimi na utamaduni wapi na wapi? Nina mtoto ananyonya."

"Tutakwenda naye."

Lindi alikuwa na miezi saba. Tukaenda.

Sitakudanganya, mji ni mzuri. Nilitembezwa vyumba vya picha mpaka miguu ikavimba. Nikaonyeshwa kanisa lililobomolewa vitani, mawe yake yamepangwa kwenye rafu, kila jiwe na namba yake, wanalijenga upya. Nikasema moyoni, hawa watu hawatupi kitu.

Siku ya tatu mume wangu akatupeleka nje kidogo ya mji, kwenye vilima vya mizabibu, mgahawa wa meza ndefu zilizopangwa juani. Wakatuletea mkate wa vitunguu, nyama iliyolazwa kwenye siki, kabichi nyekundu, na divai changa, nzito kama togwa. Baba Lindi akainuka kwenda kuongeza divai. Ndiyo kwanza namega mkate, nikaona mwanamke amesimama mbele yangu. Mzungu, kijana kama mimi, koti la kijani kalifunga vifungo hadi shingoni kwa joto lile, nywele zimelowa. Anatazama sahani.

Sasa niambie, umelelewa wapi hata ule huku mtu amesimama anakuangalia? Nikasema, "Karibu, dada." Kwa Kiswahili, kwa mazoea tu.

Akajibu, "Ahsante, nimekaribia." Akaketi.

Niamini. Kiswahili safi. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani nimepata mtu wa kuongea naye. Akanyoosha mikono, nikampa Lindi, kama unavyompa mgeni yeyote mtoto ili umkatie chakula. Nikainama kukata nyama. Nikamsikia anamwambia mtoto, taratibu, "Umefanana na Sipho."

Sipho ni jina la mume wangu la ukimbizini. Wote walikuwa na majina ya bandia kule. Hata mimi niliolewa na Sipho kabla sijalijua jina alilopewa na mama yake.

Kuinua kichwa, hayupo. Lindi yuko chali juu ya benchi, kimya, na baba yake anakuja mbio, divai inamwagika.

"Mbona umemlaza mtoto peke yake?"

"Alikuwa na huyu dada."

"Dada gani?"

Nikamweleza koti, nikamweleza nywele. Glasi zikamtoka mikononi. Nikamnyanyua mwanangu. Gauni lake mgongoni limelowa chapachapa, maji ya baridi, yananuka mto.

Nikamwambia hatutoki hapa mpaka useme. Akasema. Yule dada alikuwa mchumba wake enzi za masomo. Kiswahili alimfundisha Baba Lindi mwenyewe, maana aliahidi kumpeleka Morogoro. Akaondoka bila kuaga, akamwacha na mimba. Barua ya kwamba dada wa watu amejitosa mtoni ilimfikia wiki ya harusi yetu. Aliisoma, akaikunja, akaja kunioa. Halafu miaka imepita akanileta mimi na mwanangu tuonje divai.

Unadhani yule alibaki kule? Si nilishamkaribisha? Tumerudi La Rochelle, nikifunua sufuria ya ugali tu, Lindi anaachia titi, ananyoosha mikono kwenye kiti kitupu. Tukimaliza kula, mgongo wake umelowa. Tukahamia mtaa mwingine, Kensington. Yule hakuhitaji kuelekezwa njia.

Baba Lindi siku hizi anakula jikoni, amesimama. Sijamsamehe. Na mimi neno karibu nimeliacha. Jirani yetu Mrundi, Mama Divine, anatukuta tunakula, anasimama pale mlangoni, nami nakazia macho sahani yangu. Wanasema nina roho mbaya. Waseme.

Lindi ana miaka saba sasa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Neno moja tu la kwetu analo. Mama Divine akisimama mlangoni, nami nikanyamaza, Lindi anasema, "Karibu." Lakini hatazami mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayepelekwa kutembezwa mji aliokaa mumeo kabla yako, muulize aliacha nani huko. Muulize ukiwa bado kwako. Mimi niliuliza nikiwa nimeshampakata mtoto aliyelowa.