Tembo Asiye na Mlima

Tarehe 14 Juni 1948, katika kitabu cha kesi cha baraza moja la Tabora, Yoramu Kapela aliandikwa shahidi wa tatu: "mzee wa hapa mjini, kazi yake kutambua sarafu za kale."

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Mwaka 1916, vita vilipowakatia Wajerumani njia ya pwani, walipiga sarafu zao hapa Tabora katika karakana ya reli, na Yoramu, kijana wa miaka kumi na tisa, alisukuma mtaimbo wa mashine. Za dhahabu zilikuwa na tembo, na nyuma ya tembo mlima Kilimanjaro. Waingereza walipoleta shilingi yenye simba, waliokuwa nazo walizifukia. Kila ilipofukuliwa moja, ililetwa kwenye benchi la Yoramu, nje ya duka la fundi wa dhahabu. Aliipitishia kidole gumba, akasema, "Hii ni yetu," na neno lake likatosha.

Ambalo hakumwambia mtu, hata mkewe Apolinaria, ni kwamba kwa miaka mitatu macho yake yalikuwa yakifunikwa na ukungu, na kidole chenyewe kilikuwa kikifa ganzi.

Mwezi Mei alipita Raymundi, Mrundi aliyekuwa akirudi kwao kutoka mashamba ya mkonge. Alikaa benchini kungoja treni ya Kigoma, akatoa sarafu ya rangi ya njano.

"Shikamoo mzee. Tazama, na sisi tuna tembo."

"Marahaba. Lete." Yoramu aliigusa, akamsikia tembo. "Umeitoa wapi?"

"Ya kwetu, mzee. Faranga ya Wabelgiji."

"Wabelgiji!" Yoramu alicheka kwa dharau. Askari wa Kibelgiji walipoingia Tabora walimchukua kaka yake kubeba mizigo, na hakurudi. "Wabelgiji wana tembo gani? Tembo huyu nimempiga mimi. Unatembea na dhahabu, wewe, hujijui."

Bundala, mkulima wa Goweko aliyekuja kuuza tumbaku, alikuwa amesimama pale. Hakujua kusoma, lakini neno la Yoramu alilijua. Alimtolea Raymundi shilingi sitini, nusu ya mavuno yake, akaichukua sarafu.

"Mzee, una hakika?" Raymundi aliuliza.

"Chukua hela, ukapande treni."

Treni ilichelewa siku mbili. Siku ya pili Bundala aliipeleka sarafu ndani kwa fundi, fundi akaikwangua kwa tupa: shaba tupu. Raymundi alikamatwa stesheni, tiketi mkononi.

Barazani watu walijaa hadi madirishani.

"Wabelgiji walibeba watu wetu," mmoja alisema, "sasa wamebeba na tembo wetu!"

"Mrundi, huyo tembo ulimfuga mwenyewe?" Wakacheka.

Mwenyekiti aligonga meza. "Mzee Yoramu, fundi anasema tembo huyu hana mlima. Wewe uliyezipiga, hukuliona hilo?"

Yoramu alisimama akiushika ukingo wa meza. Kukiri kwamba hakuona kulitosha kumfungua Raymundi, na kulitosha kulimaliza benchi. Bila benchi angekuwa kipofu wa kushikwa mkono, na kila sarafu aliyoipitisha kwa miaka mitatu ingerudishwa mlangoni kwake.

"Niliyoishika mimi ilikuwa na mlima," alisema. "Huyu aliibadilisha."

"Mzee!" Raymundi aliruka, askari akamkalisha. "Mzee wangu, si nilikwambia ni ya Wabelgiji? Sema tu! Mimi sina neno na wewe, sema nilivyokwambia!"

"Sikusikia kitu kama hicho."

Bundala alikuwa amesikia kila neno. Mwenyekiti alipomwuliza, alitazama chini. Baraza lilikuwa limeahidi kumrudishia shilingi zake zilizokutwa mfukoni mwa Mrundi.

Raymundi alihukumiwa miezi minane. Alipopitishwa karibu, Yoramu alimtambua kwa mlio wa pingu.

Kesho yake Raymundi alipelekwa kupasua kokoto za reli upande wa Igalula, na Yoramu, akihesabu hatua kutoka nyumbani, alikwenda kuketi kwenye benchi lake.