Firigisi ya Kiini

Nilipotoka ng'ambo likizo mwaka ule, Baba aliniuliza mimi bintiye kabla sijaketi: "Mama, hiyo kitu unasomea, inaonekana?"

Haikuonekana, na jambo hilo lilimkera kuliko ada zote za dunia. Nilikuwa nasomea viini vya atomi, tena vile adimu vinavyotengenezwa kwa mashine na kutoweka kabla hujapepesa jicho.

Tulikuwa shambani Kiminini tukipukuchua mahindi, kwa hiyo nikaokota gunzi lenye punje chache. "Hiki ndicho kiini. Tunakirusha kwa kasi kikagonge bamba jembamba, punje moja ing'oke." Nikaing'oa. "Punje si haja yetu. Tunaangalia gunzi. Wakati mwingine linabaki na msisimko, na likitulia linatoa mwanga. Mwanga huo unatuambia kiini kilivyopangwa ndani."

"Na wewe umeona huo mwanga?"

"Bado, Baba."

Hapo ndipo paliponiuma. Mwanga wenyewe hujitokeza kama kilima kwenye grafu, na kilima changu kilikuwa kifupi mno. Profesa wangu alihofia ni makosa ya mashine, akaahidi kupiga hesabu upya. Kama hakipo, kazi yangu yote ingeanza mwanzo, na mimi sina subira ya kuanza mwanzo.

Jumamosi tulikuwa tunakwenda Bungoma kwa shangazi yangu. Nikamburuta Baba kwanza hadi saiba moja, duka la intaneti, pale Kitale. Barua pepe ya profesa ilikuwa imefika na picha ya grafu mpya, nayo ikafunguka kwa madaha, ukanda baada ya ukanda, kutoka juu. Juu palikuwa peupe. Nilimfokea Baba aache kunipumulia shingoni. Mara ncha ikachomoza, kisha mabega, kisha kilima kizima kikasimama peke yake.

Nilipiga ukelele hadi mwenye saiba akaja mbio. "Niaje, umeshinda grini kadi ya Amerika?"

Baba aliinama karibu na kioo. "Si basi inaonekana," akasema.

Bungoma tulichinjiwa kuku. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima mezani. Mwanamke huipika, haionji. Shangazi akaiweka mbele ya Baba. Baba akaichukua, akaiweka juu ya ugali wangu.

"Ati nini?" shangazi akang'aka. "Filigisi kwa mtoto wa kike?"

"Huyu amegonga kitu ikatoa mwanga. Mimi nimegonga nini, bana?"

Nilifurahi. Lakini nilipomwona shangazi ameshika mwiko, macho yakiwa kwenye sahani yangu, nikaikata firigisi katikati na kumpa nusu. Alimtazama ndugu yake. Baba akajitia kutafuta chumvi.

Shangazi akatafuna taratibu, kisha akacheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Kumbe ni hii," akasema, "miaka yote hii walikuwa wanatunyima!"