Jinzi ya Jumapili

Bonaventure Kalonji alikuwa mtu wa kuvaa. Lubumbashi walimwita Pasi, maana hata nguo zake za kulalia zilinyooshwa hadi mkunjo ukakata kama kisu. Alipofika Guangzhou kununua nguo za kupeleka nyumbani, wauzaji wa jumla wa Kichina katika soko la Liuhua walimpisha njia wakidhani ni mkaguzi.

Mwaka 2006 akasikia habari za Hanamura. Huyo alikuwa mfumaji wa Kijapani wa kitambaa cha jinzi. Majirani zake walipotupa mitambo ya zamani ili wafume upesi, yeye aliiokota, akafuma polepole huku mtaa mzima ukimcheka. Kicheko kilikwisha, sasa jinzi yake moja iliuzwa kwa bei ya ng'ombe mwenye ndama. Na kampuni yake ilitafuta wakala mmoja wa kuiuza Kongo.

Bonaventure aliutaka uwakala huo kuliko usingizi. Émérance wa Bukavu naye aliutaka, mama mwenye biashara ya mikoba, aliyeshinda kutwa kwenye mabasi ya kwenda viwanda vya mikoba vya Shiling.

Mjumbe wa kampuni, Bwana Morishita, aliyesoma Paris na kusema Kifaransa kama paroko, hakuwauliza habari za benki. Alimpa kila mmoja jinzi mpya ya rangi ya nili, ngumu kama mlango.

"Ivaeni miezi sita. Msiifue. Nitarudi niisome."

Kutofua, Bonaventure alikubali kwa uchungu. Lakini kuichakaza? Nguo ya heshima namna ile? Akaivaa Jumapili tu, kanisani, na Jumamosi aliipiga pasi. Ndani ya basi alisimama. Akilazimika kuketi, alitandika gazeti.

"Papa Nadège," mkewe Kethia, aliyekaa naye huko Guangzhou, alimwambia, "hiyo ni suruali ama ni maiti ya chifu?"

"Mama Nadège, acha. Mjapani atakuta kitu safi."

Huko Dengfeng, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika, Émérance alipita na marobota begani, jinzi ikiwa na doa la supu ya samaki. Bonaventure akamhurumia kwa dhati. Maskini, amekwisha kushindwa.

Morishita alirudi, akawaita hotelini karibu na stesheni. Akatandaza jinzi ya Émérance mezani, akapitisha kidole polepole palipopauka na kukunjika.

"Unabebea mzigo upande wa kushoto. Simu unaitia hapa. Unachuchumaa ukipatana bei."

"Eh! Nani amekuambia?"

"Suruali."

Akaigeukia ya Bonaventure. Ilikuwa imenyooka, mkunjo mbele ungeweza kukata mkate. Akaipindua mara mbili, kama anayetafuta mlango wa kuingilia. Mwishowe kidole kikatua magotini, palipopauka mviringo miwili, kama miezi miwili mipevu.

"Unafanya kazi gani kwa magoti?"

Bonaventure akakiri: "Nilikuwa naomba, Monsieur. Nipate uwakala."

Morishita aliinama kwa heshima. "Naona uliomba kweli. Lakini hii suruali haijaanza kuishi."

Uwakala ukaenda Bukavu.

Nje, Bonaventure alisimama kando ya marobota ya Émérance, jinzi ameivaa tena, macho makavu kwa nguvu.

"Kaka Pasi," Émérance akamwita, "teksi haitaki mizigo. Nisaidie hadi stendi ya basi, ama utachafuka?"

Akaitazama suruali. Hakukuwa tena na mtu wa kumtunzia. Akachuchumaa, kitambaa kikalia kwaa! kama ubao, ule mkunjo wa miezi sita ukavunjika, na robota likampanda begani.

"Upande wa kushoto, kaka," Émérance akasema. "Wa kulia utakuumiza."