Vibaraka Wote wa Neli

Sauti ya Neli inajulikana Kyela nzima, kuanzia Njisi hadi Matema, kwa sababu ndiyo inayosoma matangazo ya vifo kila jioni kwenye redio moja ndogo ya pale mjini. Anasoma taratibu, kila jina kwa heshima yake, na hakosei.

Kufika hapo kulimtoa jasho. Alizaliwa Lyulilo, kando ya ziwa, kwa mama mfinyanzi, na ufukweni kule wapo wengi ambao ulimi wao hauna habari na z, wala r, wala sh. Zawadi ni sawadi, rudi ni ludi, shamba ni samba. Akiwa darasa la tatu, mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake arudie neno "zawadi" mpaka darasa likachoka kucheka. Neli akajifunza kwa hasira. Alfajiri, kabla ya kuchota maji, alikuwa anakaa peke yake ziwani akisema zi, zi, zi, kama nyuki. Alipofikisha miaka ishirini na mitano, hakuna aliyeweza kujua kwa kumsikiliza tu ametokea wapi.

Ndiyo maana aliposikia kwamba kampuni moja ya Dar es Salaam inatafuta sauti za mchezo wa simu, hakuchelewa. Mchezo wenyewe unaitwa Sanduku la Mazimwi, na toleo la kwanza, ambalo halikuwa na sauti, lilikuwa limependwa sana. Mchezaji ni binti anayezunguka nchi akikamata mazimwi na kuyafuga ndani ya vibuyu, kisha anayapambanisha na ya watu wengine. Adui yake ni Genge la Moshi, wezi wa mazimwi, wanaoongozwa na mwanamke mrefu, mkali, anayeitwa Bibi Moshi. Neli alimtaka huyo Bibi Moshi. Alirekodi maneno yake mara kumi na moja, akachagua iliyo bora, akatuma.

Baada ya wiki mbili akapigiwa simu na Edwin, msimamizi wa sauti.

"Dada Neli, tumekupenda sana. Tumekupa vibaraka."

"Vibaraka gani?"

"Wa Bibi Moshi. Wale wa chini kabisa. Wako arobaini."

Wote arobaini walivaa ovaroli ya kijivu na kofia iliyofunika macho. Hawakuwa na majina. Kila mmoja alikuwa na sentensi mbili, moja ya kutisha na nyingine ya kushindwa, kwa sababu kila mmoja alikuwapo ili apigwe na yule binti, kisha apishe njia. Sauti moja ingetosha kwa wote, wanaume kwa wanawake. Mashine ingeinenepesha au kuipunguza. Edwin akamwambia kwamba anayefanya vizuri hapo hukumbukwa kwenye nafasi kubwa za toleo linalofuata. Neli akakubali.

Shida ya kwanza ilikuwa kimya. Redioni studio haikosi watu, na nyumbani kwake kuna jogoo wa jirani na bodaboda. Mjomba wake Asajile ana ghala la kakao njia ya kwenda Ndandalo. Yale magunia yanameza sauti vizuri kuliko magodoro. Neli akajifungia humo na simu yake, joto limemkaba, nguo zinanuka kakao chachu. Akamaliza vibaraka tisa, mvua ikaanguka juu ya bati. Mvua ya Kyela haina adabu. Akasubiri saa nzima. Akarekodi wawili, ikarudi. Kazi ya siku moja ilikula wiki.

Alipotuma, Edwin akamrudishia zote.

"Umesoma vizuri mno, dada. Kama taarifa ya habari. Hawa ni vibaraka. Weka kile kilafudhi chenu cha huko."

"Kipi?"

"Si unakijua? Nimesindwa, bosi atanisema, nitaludi. Watu watacheka."

Neli akarudi ghalani. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuhitaji hata kujaribu. Alifungua mdomo tu, na sauti ya mama yake ikatoka yote, na pumzi zake na kuvuta kwake maneno.

Mchezo ulipotoka aliupakua asikie kazi yake. Hakuwa mchezaji. Kibaraka namba nne alimpiga mara tatu mfululizo, ilibidi aombe msaada redioni ili afike kwenye sentensi ya kushindwa. Wenzake wakacheka mpaka machozi. Yeye akacheka kidogo, kwa ustaarabu.

Jumamosi akaenda Lyulilo. Mama yake, Marta, alikuwa amepanga vyungu mchangani, na kando yake wapakuaji wawili wa mizigo walikuwa wamekaa kwenye ubavu wa mtumbwi, wanachezea simu. Sauti ikatoka: "Nimesindwa! Bosi atanisema! Nitaludi!" Wale jamaa wakairudia wakicheka, wakati wao wenyewe wanasema vivyo hivyo kila siku.

"Neli," mama akauliza, "huyu anayelialia kwenye simu ni wa wapi?"

"Ni wa kwenye mchezo tu, mama."

"Anaongea kama sisi. Wiki nzima namsikia. Kwa nini kila siku anapigwa yeye?"

Neli akainama, akaanza kufunga vyungu.

Mwaka uliofuata Edwin akapiga tena. Safari hii vibaraka walikuwa sitini. Bibi Moshi alibaki na dada yule yule wa Dar. Neli akasema atafanya kwa masharti: asome kwa sauti yake ya redioni, au wapewe majina, na walau mmoja ashinde.

"Dada Neli, ni vibaraka tu. Wakishinda, mchezaji anaufuta mchezo."

"Basi washindwe. Lakini wasiongee kama mama yangu."

"Nani kamtaja mama yako?"

Hapo damu ikampanda. Alitaka kusema asimdharau, lakini hasira iliukimbilia ulimi kabla yake. "Usinidhalau, Edwin! Usinidhalau!"

Kisha Edwin akapiga makofi kule alikokuwa. "Hiyo! Hiyo hiyo, dada! Irekodi hiyo hiyo!"

Neli akakata simu. Akakaa kwenye ngazi za redio, analia kwa hasira, watu wanampa pole wakidhani amefiwa.

Kazi akapewa kijana wa Dar, Jubilate, ambaye hajawahi kufika Kyela. Mwezi mmoja baadaye Edwin akamtumia Neli sauti za kijana huyo, bila haya, akiomba awasikilizie kama ziko sawa. Hazikuwa sawa. Jubilate alitia s kila mahali, hata pasipostahili, akavuta maneno kama mtu aliyelewa. Haikuwa lafudhi ya mtu yeyote. Neli alitegemea angefurahi kuona wameharibu. Badala yake alishindwa kula. Jioni akampigia yule kijana mwenyewe.

"Hivyo sivyo tunavyoongea," akamwambia.

"Samahani, dada. Nifundishe."

Hakujiandaa kwa jibu hilo. Wakaanza. Jubilate alikuwa msikivu, naye amechoshwa na zile sentensi za kupigwa. Katikati akauliza, "Dada, huyu mtu kwao wapi?"

Katika toleo zima lililopita hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Kwao Lyulilo," Neli akasema, anatunga hapo hapo. "Anaitwa Yotamu. Alikuwa mvuvi, samaki wakaadimika, akasikia kuna kazi, akapewa ovaroli."

"Anampenda Bibi Moshi?"

"Hajawahi hata kumwona."

Jubilate akarudia sentensi zote. Ya kibaraka wa kumi na saba ilitoka vizuri mpaka Neli akamwomba airudie. Haikuchekesha. Ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka, aliyeshindwa mbele ya mtoto. Wakaongeza maneno mafupi mwanzoni: Naitwa Yotamu, wa Lyulilo. Jubilate akajifunza pia kusema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaisema vizuri.

Edwin akayafuta. Alisema jina limezidisha urefu, halitoshi kwenye kisanduku cha maandishi, na zile sauti za kwanza za Jubilate zilikuwa zinachekesha zaidi. Mchezo ukatoka na lafudhi ya kilevi. Jubilate aliomba radhi mara mbili. Kosa halikuwa lake.

Akashuka Lyulilo na simu yake, mwenyewe hajui anataka kumwonyesha nani nini. Wale wapakuaji walikuwa wameshaachana na mazimwi, sasa wanacheza mpira wa kwenye simu. Hasira yote ile, na hakuna hata aliyekuwa anasikiliza tena.

Akakaa karibu na mama yake, akamweleza yote, tangu ghala la mjomba. Mama alisikiliza huku anagonga chungu kimoja kimoja kwa kidole, asikie kama kina ufa.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," akasema.

"Nilikuwa mimi. Na nilikuwa nakuiga wewe. Nisamehe, mama."

"Huyo Edwin," mama akauliza, "mama yake anaongeaje?"

Neli hakujua. Mteja akafika akitaka chungu kikubwa, mama akainuka kumhudumia, na Neli akabaki amekaa mchangani, anafikiri kumpigia Edwin amuulize, huku akijua kwamba hatapokea, maana mchezo umeshatoka na hana shida naye tena.