Nilikwenda Majimoto Kupatanisha Watu, Nikaelekezwa kwa Maksai

Nyie wenzangu wa jumuiya mmetaka niandike safari yangu, mimi niliyeishia darasa la nne. Haya, someni. Herufi zikipinda msinicheke. Nichekeni kwa mengine, yapo ya kutosha.

Ilianza na simu ya wifi yangu Leonsia, mke wa mdogo wangu Kanisio, mkulima wa mpunga kule Majimoto.

"Wifi, njoo. Mdogo wako kamkata panga la mguu maksai wa jirani, kamkuta kwenye majaruba yetu ya mpunga. Vijana wa mwenye ng'ombe wamesema mguu kwa mguu. Na yeye anasema waje."

"Katekista kasemaje?"

"Ameshindwa."

Hapo nikafurahi, Mungu anisamehe. Mdogo wangu anataka kukatwa mguu, mimi nawaza kwamba sasa wamekumbuka wenye mdomo. Si ndiye mimi mwenyekiti wa jumuiya? Na ile semina ya parokia, ya amani na haki kwa viumbe vyote, nilikaa kiti cha mbele. Baada ya chai nilisinzia, lakini kiti kilikuwa cha mbele.

Jumamosi alfajiri nikatoka Nsemulwa, hapa Mpanda, na kitenge kipya na hotuba ndefu kichwani.

Tulipopita Sitalike tukaingia hifadhini, na mbung'o nao wakaingia ndani ya basi. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti ndogo, "Viumbe vyote ni vya Mungu," mmoja akaning'ata shingoni. Nikavua kiatu. Baba mmoja jirani yangu akauliza, "Bibi, unaongea na nani?"

"Najiandaa kuhubiri amani."

"Hao wanne uliowaua, umeshawahubiria?"

Nikageukia dirishani, nikaangalia twiga. Twiga wenyewe hawakuwepo.

Saa nane mchana pikipiki ikanishusha kwa Kanisio. "Dada, umekuja kula wali au kunisema?"

"Vyote viwili."

"Ng'ombe wao wamekula mpunga wangu. Mwaka jana wamekula, mwaka huu wamekula. Nikae nilie?"

Kweli alikuwa na haki yake, nikamwambia nitaifikisha. Nikamwomba twende wote kwa mwenye ng'ombe. Akakataa, akajilaza mkekani, akanipa mgongo.

Jumapili kigangoni, mwenye ng'ombe alikaa benchi la mbele yetu. Ni mjane wa Kisukuma, wanamwita Mama Minza. Katekista aliposema tutakiane amani, nikanyoosha mkono mapema ili watu waone. Mama Minza akageuka, akautazama mkono wangu, akamtazama Kanisio, akarudisha uso mbele. Mkono ukabaki hewani. Ikabidi niupeleke kichwani nijikune.

Baada ya ibada nikamfuata kwake peke yangu. Nikamsalimu Kisukuma, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, na jua liko utosini. Akanipa kigoda. Vijana wake wawili wamesimama kando ya zizi, kila mtu na fimbo yake. Nikaitoa hotuba yote, mpunga wa Kanisio ukiwemo, sikuacha hata neno.

"Umemaliza, bibi?"

"Nimemaliza."

"Umemtaja Mungu, umemtaja ndugu yako, wewe mwenyewe umejitaja mara nyingi. Aliyekatwa hujamtaja. Yule pale, mwombe yeye."

Maksai alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma ulikuwa na kidonda kirefu, dawa ya bluu imekaukia juu, nzi wamejaa. Ni wa plau, jina lake Mabula. Mvua zilikuwa zimeanza na hana uwezo wa kuvuta.

"Mama Minza, mimi niliyeshikwa mkono na askofu, nimwombe samahani ng'ombe?"

Kijana mmoja akasema, "Askofu hakukatwa panga, bibi."

Niliinuka kabisa niondoke. Kisha nikauona mawazoni mguu wa Kanisio, jinsi ulivyokuwa ukining'inia ubavuni kwangu nilipokuwa nambeba mgongoni akiwa mdogo. Nikamsogelea maksai.

"Mabula, samahani." Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Ulikuwa na njaa. Wewe mpaka wa shamba hukuujua. Mwenye panga aliujua."

Mabula akainua mkia, akaachia mavi mepesi, kitenge kipya chote.

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kelele zikamfikia Kanisio, akaja mbio. "Nani anamcheka dada yangu?"

Macho yake yakaangukia kwenye ule mguu. Siku ile alimkata magharibi, giza likiingia, ng'ombe akakimbia, hakumwona tena. Akachuchumaa kuutazama.

"Nilijua nimemkwaruza tu."

"Sasa umeona," akasema Mama Minza.

"Nani atakulimia?"

"Niambie wewe."

"Mimi. Kwa jembe, mpaka apone."

Na mdomo wangu, ambao haujawahi kukubali kuachwa nyuma, ukasema, "Na mimi."

Jumatatu tukalima, vijana wanatutazama na fimbo zao. Saa nne mgongo wangu ulikuwa umeshajiuzulu. Jumanne mmoja akasema, "Mzee Kanisio, nyoosha mstari. Mabula halimi hivyo."

"Mabula hana kiuno changu."

Kijana akacheka, akaweka fimbo chini, akachukua jembe langu. Jumatano ndugu yake akaanza kuchimbia nguzo za uzio, upande wanakopenyea ng'ombe wao kuingia kwenye mpunga wetu. Hapo nikajua mguu wa mdogo wangu umepona.

Alhamisi nikarudi Mpanda na malengelenge viganjani. Nilichojifunza ni kidogo, na kilinichafua: ukienda kuomba amani, uliza kwanza aliyeumia yuko wapi, kisha umwangalie. Hotuba inaweza kusubiri.

Ndiyo maana mkinisikia nikiombea wagonjwa namtaja Mabula. Juzi mama mmoja mwenye binti akaniuliza pembeni kama huyo Mabula ameshaoa. Nikamwambia asahau, ni maksai.