Spika Mbili, Shingo Moja

Enzi zetu, sisi tuliotobolewa masikio kwa mwiba wa mlimau na kuachiwa kijiti cha chelewa ili tundu lisizibe, hakuna aliyekwenda dukani kununua vifaa vya kutengenezea mapambo. Kikonyo cha jani la muhogo ulikivunja huku na huku, ganda likibaki limeshika, ukapata mkufu wenye kidani cha kijani uliodumu mpaka adhuhuri. Miswaki iliyochakaa tuliiloweka kwenye maji ya moto, tukaikunja ikawa bangili. Nilikuwa nazo tatu. Nilijiona malkia, ingawa moja ilikuwa bado inanuka dawa ya meno.

Lakini fundi hasa alikuwa shangazi Matika, dada wa baba, pale kwetu Dodoma. Ushanga aliujaribu kwa meno: wa kioo ni wa baridi na mgumu, wa plastiki una uvuguvugu na unabonyea. Uzi aliusugua kwenye nta ya nyuki mara tatu kabla ya kutunga. "Uzi mkavu ni mwongo," alikuwa akisema. Mpaka leo, huku ughaibuni ninakoishi, nikiingia duka la shanga kule Cabramatta huwa nauma kwanza, na mama mwenye duka ameshaacha kushangaa. Siku hizi ananifuata tu kwa macho, rafu hadi rafu.

Asubuhi ya harusi ya dada yangu Tabu, mkufu wake ulikuwa tayari: nyuzi tatu za shanga nyekundu na nyeupe, kazi ya shangazi ya jioni nyingi. Bibi harusi wa kwetu hakutoka nje bila mkufu wa shangazi yake. Mimi, mwenye miaka tisa, niliuvaa kidogo tu, nijitazame kwenye kioo cha baba cha kunyolea kilichotundikwa uani. Wakati wa kuuvua ukanasa masikioni, nikagundua kichwa changu ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Nyuzi zikakatika, shanga zikamwagika mchangani kama mtama.

Tabu akaangua kilio. Kanisani tulitakiwa saa nne.

"Wewe," mama akaniambia, "tutaonana wageni wakishaondoka."

Shangazi hakuuliza nani wala kwa nini. Alinirushia donge la nta nianze kusugua uzi, kisha akaagiza chekeche la unga. Akina mama waliokwisha kupaka wanja na kuvaa vitenge vya sare wakapiga magoti, wakauchekecha ua mzima. Yeye akaketi kwenye kigoda, shanga mdomoni, nyekundu kwenye shavu la kulia, nyeupe la kushoto, na ulimi ukawa unazileta midomoni moja moja, kwa mpangilio, sindano ikizipokea. Hakukosea hata mara moja. Nimesoma hadi chuo kikuu na sijaona tena akili ya namna ile.

Uzi wa tatu ukiwa katikati, nyekundu zikaisha. Shangazi akatema nyeupe zilizobaki kiganjani, akaenda moja kwa moja kwa kijana wa muziki, akakata kipande cha waya mwekundu. Akavuta shaba ikatoka, ganda akalikata kwa wembe kuwa vipete vidogo.

"Shangazi, huo ni waya wa spika!"

"Spika unazo mbili. Bibi harusi ana shingo moja."

Tabu alitoka nje na mkufu shingoni, akanyoosha kidevu, vigelegele vikapaa. Muziki ulilia upande mmoja hadi jioni na hakuna aliyelalamika. Fimbo yangu mama aliisahau kwa furaha.

Binti yangu Neema, wa miaka kumi na saba, naye hutengeneza mapambo hapa kwetu Merrylands, na ana mkono mzuri. Ana sanduku la vyumba arobaini, koleo tatu, uzi usiohitaji nta, na mwalimu wake anaishi ndani ya simu. Nilipomsimulia habari ya mashavu alisema tu, "Mum, germs!"

Jumapili iliyopita bangili yake ilikatika ukumbini baada ya ibada. "It's fine, Mum," akasema, na akawa ameshaagiza shanga nyingine kabla zile hazijaacha kuviringika. Msimamizi wa ukumbi akaleta mashine ya kufyonza vumbi. Nilitaka kupiga magoti. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona nitakuwa peke yangu.