Karatasi za Tenga la Kiyo

Kosaku Kuramochi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutengeneza vitu vya watu bila kuombwa. Akienda msibani, wenzake wanalia, yeye jicho liko kwenye mlango wa karatasi uliotoboka. Kesho yake asubuhi wenye msiba wanamkuta kibarazani na gundi yake na brashi. Marehemu mume wangu, ambaye alikuwa rafiki yake tangu utotoni, alikuwa akimwambia, "Wewe Kosaku, siku moja utakuja kuziba mdomo wa mtu kwa karatasi." Naye hucheka, anaendelea kupaka.

Namsimulia kwa sababu kijiji kizima cha Orose kinamkumbuka kwa kosa moja, la kuchoma barua za Bibi Hatsuno. Kazi zake nyingine zote watu wamezisahau. Na kosa lenyewe halikuwa lake peke yake. Mimi Mitsue nilikuwapo, na hadi leo sijamwambia mtu.

Kosaku alizaliwa katika nyumba ya watengeneza karatasi. Baba yake, babu yake, wote walikuwa wakipika magome ya mforsadi, wakiyaponda na kuyachekecha kwenye maji ya baridi mpaka vidole vinakuwa vyekundu kama vya mtu aliyeungua. Milango ya vioo ilipoingia, wanunuzi mmoja baada ya mwingine wakakata mguu, na yeye akafunga karakana, akaajiriwa kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Miaka ishirini na mbili! Sijawahi kumsikia akiisifu kazi ile hata siku moja. Lakini kila Januari, maji yanapokuwa makali, alichukua likizo ya wiki moja akatengeneza karatasi thelathini, zisizo za kuuza wala za kumpa mtu. Mkewe Fumie alizoea kusema, "Mume wangu ana mke mdogo, anamwona mara moja kwa mwaka." Fumie alipofariki, binti yao yuko mjini, nyumba ikabaki na yeye na karatasi zake.

Shule yetu ilipokosa watoto ikafungwa, tukaifanya makumbusho ya kijiji. Tulikuwa wanane, wote wa kujitolea, wote tumestaafu. Mimi nilikuwa mpishi wa shule ileile, kwa hiyo niliporudi ilikuwa kama sijaondoka, jiko langu lilikuwa palepale. Nilipewa kazi ya kuandika kadi za vitu: viatu vya majani vya kutembelea kwenye theluji, trei za kufugia viwavi wa hariri, vyungu, majembe. Kosaku alikuwa fundi wetu. Tulifungua Jumanne na Jumamosi, na siku nyingine wageni walikuwa ni sisi wenyewe tunanywa chai.

Mwezi wa tisa, mwaka mmoja, alikuja Bibi Hatsuno, mwenye miaka themanini na saba, anasukuma kigari chake cha kutembelea na juu yake kuna tenga la mianzi lenye mfuniko. Lilikuwa limebandikwa karatasi nje yote na kupakwa maji ya matunda machungu ya kaki ili yasipenye unyevu, kama yalivyokuwa matenga yote ya zamani. Lilikuwa jeusi tii, na pembe moja imetafunwa na panya.

"Ni la mama yangu," alisema. "Alilibandika mwaka ule dada yangu Kiyo alipofia kiwandani, kule kwenye nyuzi za hariri. Mimi nilikuwa na miaka sita. Litunzeni."

"Tutalitunza, bibi."

"Mwezi wa kumi na moja nitakuja tena, tuongee."

Basi, akaenda zake. Hakusema tuongee nini, nasi hatukuuliza. Kwetu mtu hawezi kutoa kitu na ombi siku moja, ataonekana anauza. Unatoa kwanza, unakaa, halafu siku nyingine unakuja na zawadi mkononi ndipo unafungua mdomo. Adabu yetu hiyo, na mara nyingi inatusaidia.

Kosaku alilizunguka lile tenga wiki nzima kama paka na samaki.

"Shemeji," akaniambia, "bibi wa watu akija akakuta tenga la mama yake liko hivi, nyuso zetu tutaziweka wapi?"

"Sasa mbona unanieleza mimi? Litengeneze."

"Nitumie karatasi yangu ya Januari?"

"Kosaku, unaniomba ruhusa tangu lini?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Akalilowesha, akaanza kubandua tabaka baada ya tabaka, polepole, huku anaimba puani. Karatasi zilikuwa na maandishi upande wa ndani. Hilo halikumshtua mtu. Zamani karatasi haikutupwa, ukibandua tenga lolote la Orose utakuta daftari la shule au hesabu za magunia ya nani sijui. Tulishachoma furushi kwa furushi.

"Zimeandikwa nini?" nilimuuliza.

"Nitajuaje, miwani iko nyumbani. Mahesabu ya mtu. Peleka jikoni, shemeji, sakafu inalowa."

Nikazibeba kwa beseni mpaka jikoni kwangu. Zilikuwa mbichi, haziwezi kushika moto, nikazitandaza juu ya bamba la jiko la kuni zikauke. Nilikuwa namenya viazi. Nilipogeuka, karatasi moja ilikuwa imekauka na penseli imetokeza vizuri. Mwandiko wa mtoto. Ulisema: "Mama, nakuomba uje unichukue. Nakohoa damu na msimamizi anasema najifanya."

Nilisoma mara mbili. Sikuwa mjinga, nilijua ni Kiyo. Kando yake zilikuwapo karatasi nyingine sita au saba, nazo zimeshakauka, nzima kabisa. Kosaku alikuwa hatua ishirini kutoka pale, nasikia anavyoimba. Ningemwita tu, basi.

Sikumwita. Niliona haya, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anaoga. Haya ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu, nilijiambia, mama yao ameyageuzia ndani yasionekane, mimi ni nani niyasome? Nikajiona nina heshima sana. Nikafungua mlango wa jiko nikazitia zote, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Mwezi wa kumi na moja Bibi Hatsuno alikuja amevaa kimono chake cha sherehe, na boksi la keki za maharage limefungwa kitambaa. Tenga lilikuwa juu ya meza katikati ya darasa, jeupe, linang'aa, hakuna pembe iliyokunjamana. Kosaku alisimama kando yake kama bwana harusi.

Bibi aliligusa. Akaligusa tena upande wa pili.

"Mmelibandika upya."

"Karatasi yangu mwenyewe, bibi! Ile ya Januari. Hii hata wajukuu wa wajukuu wataikuta."

"Nzuri sana. Na ile ya zamani mmeiweka wapi?"

Kosaku bado alikuwa anatabasamu.

Bibi akaketi, akalisukuma boksi mbele yetu. "Leo nimekuja kuomba rasmi," alisema. "Zile ni barua za dada yangu. Mama hakujua kusoma. Mzee wa posta alikuwa akimsomea, kila mara anamwambia, hajambo, anakula wali mara tatu kwa siku, anawasalimu. Kiyo alipokufa mama akazibandika, maandishi ndani, na hakutaka tuziguse. Juzi nimesikia redioni kuna watu wanajua kubandua kwa mvuke na kusoma. Nikasema, kwa Kosaku si kazi. Sikutaka kuwabebesha mzigo siku ile ya kwanza."

Kosaku alishuka magotini, paji la uso likagusa mbao za sakafu. Nilidhani ataniangalia, hakuniangalia.

"Nimezichoma, bibi," alisema. "Mimi. Kwa mikono yangu."

Jamani. Yeye hakuchoma hata moja.

Bibi alikivuta kigari chake karibu. Kisha akauliza, "Hamkusoma hata mstari mmoja?"

"Sina macho, bibi. Sikusoma."

Akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Hapana, bibi," nilisema. "Sikusoma."

Alitikisa kichwa, akamwomba Kosaku ainuke, sakafu ina baridi. Akasema labda dada yake alikuwa na raha kweli, mzee wa posta hakuwa mtu wa uongo. Alituachia keki zake. Alifariki mwezi wa pili, kabla theluji haijayeyuka.

Kosaku hakukanyaga tena makumbusho. Habari zilienea, na watu wetu wakishapata la kusema hawana huruma. Walimwita Kiberiti. Akiingia dukani wanaambizana, "Haya, ficheni vyeti vyenu, Kiberiti huyo!" Naye anatabasamu, anachukua tofu yake ya soya na kuondoka. Siku moja nilikuwa kwenye foleni waliposema hivyo, nami nikacheka na wenzangu. Najichukia kwa kicheko kile kuliko hata zile karatasi. Januari ile hakutengeneza karatasi, wala iliyofuata. Akiona mlango umetoboka anainamisha kichwa na kupita, na mtu aliyemjua zamani angelia kumwona.

Vuli ya pili alilazwa hospitali ya wilaya, mapafu. Binti yake alikuwa njiani anakuja. Nilimpelekea peasi, nikaketi kando ya kitanda namenya. Alikuwa amekonda mpaka mikono imebaki mikubwa peke yake.

"Zimechongoka sana hizo," aliniambia. "Hujui kumenya mpaka leo."

"Nyamaza ule."

Alikula kipande, akapumzika. Kisha akasema, "Shemeji, unajua kinachoniuma nini? Si kuchoma. Kuchoma ni bahati mbaya. Inaniuma kwamba hatukusoma hata mstari mmoja. Mstari mmoja tu, wowote ule, hata mbaya. Ningempa yule bibi, angeondoka na kitu mkononi."

Alisubiri niseme neno. Nilimkatia kipande kingine, nikamwambia ale upesi kabla hakijageuka rangi.